Uliza Tukujibu: Sailensa ya bunduki inanyamazisha kweli ama ni mambo ya muvi?

Mwezi uliopita tulijibu swali moja la kelele za nduthi usiku, tukadhani tutaletewa mengine ya nduthi, kumbe mlikuwa mnawaza bunduki. Nafikiri ni kwa sababu ya jina. Fundi wa magari wa Grogan akisema sailensa anamaanisha ile ya eksozi, na mtu wa muvi akisema sailensa anamaanisha kile kibomba kirefu kwa mdomo wa bastola, ambacho waandishi wa hadithi hukiita kiwambo cha kuzuia sauti. Hayo majina hayajafanana hivi hivi tu, mtaona huko mbele.

Mimi na bibi yangu tunabishana tangu Krismasi. Kwa muvi jamaa anafungia bastola sailensa, anapiga risasi ndani ya hoteli, inatoa tu "pyu" na watu wa chumba kinachofuata wanaendelea kulala. Bibi anasema huo ni uongo. Nani ako sawa? Msomaji, Umoja

Pole ndugu, bibi ameshinda, na kama mliwekeana dau lipa mapema. Bastola ya kawaida ya milimita 9 ikilia bila kitu chochote inafika kama desibeli 160 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) pale karibu na mtutu. Fungia kiwambo kizuri, utapunguza desibeli 20 hadi 35, kwa hivyo bado uko kati ya 125 na 140 hivi. King'ora cha ambulensi ukisimama karibu nacho ni kama 120. Ni kweli risasi inalia mara moja na kunyamaza, haikukalii masikioni kama king'ora, lakini hiyo "pyu" imewekwa na watu wa studio.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukosea, tunadhani mlio wa bunduki ni sauti moja. Ni sauti kadhaa zimerundikana hadi sikio linazipokea kama moja, kuna ya gesi kutoka, kuna ya risasi yenyewe ikipasua hewa, kuna ya vyuma vya bunduki vikigongana, na mwisho kuna ya risasi ikigonga mahali imeenda. Kiwambo kinashughulika na ile ya kwanza peke yake. Hizo zingine kinaziacha kama zilivyo.

Ile ya gesi ndiyo kubwa. Ukienda petrol station kuweka upepo unamwambia kijana weka 30, ama 35 kama gari imebeba, si ndiyo? Kwa kipimo hicho hicho, ndani ya chemba ya bunduki ndefu ya risasi za 5.56 baruti ikiungua presha inapita 50,000. Inashuka sana risasi ikisukumwa mbele ndani ya mtutu, lakini risasi ikitoka tu, gesi iliyobaki nyuma yake bado ina presha mara mamia ya hiyo tairi yako, na bado ni moto, na inafumuka yote kwa mara moja kwenye hewa iliyotulia. Huo mfumuko ndio unaokufanya uiname kabla hujajua kwa nini umeinama. Tairi ya matatu ikipasuka Jogoo Road watu hukimbia, na hiyo ni presha ya tairi tu.

Kiwambo kinaipa hiyo gesi mahali pa kuingia kwanza. Niliielewa vizuri siku moja nikiwa Grogan nikingojea spea, fundi alikuwa ameletewa sailensa ya nduthi ya Boxer imeziba, akachukua grenda akaipasua kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anapasua tilapia, ndani kukawa na vyumba vitatu, vibomba vifupi visivyotazamana, na masizi yameshika kila mahali kama ukoko wa ugali. Akaingiza kidole akanionyesha. "Moshi ukiingia hapa unapotezwa njia," akasema, "mpaka ukitoka huko nyuma umechoka." Sijasikia mtu akiieleza vizuri kuliko hivyo. Ya bunduki nayo inachosha gesi, tofauti ni kwamba moshi wa nduthi unaweza kuzungushwa kona lakini risasi haiwezi, lazima ipite katikati moja kwa moja, ndiyo maana ndani kumepangwa visahani vyenye tundu katikati na vyumba baina yake, risasi inapita, gesi inayoifuata inachepukia kwenye vyumba, inagongana yenyewe kwa yenyewe, inatanuka, inaachia joto lake kwa chuma, halafu inatoka polepole. Kelele haijafutwa. Imechukua ule mlipuko wa papo hapo ikautandaza kwa muda mrefu kidogo, na sikio linasikia mvumo badala ya kofi.

Na hayo majina sasa. Mtu aliyekifanya hiki kifaa kiuzwe madukani alikuwa Mmarekani, Hiram Percy Maxim, alipata hataza yake mwaka wa 1909. Kama Maxim unalijua kutoka kwa historia ya darasa la saba, hujakosea, babake Hiram Stevens Maxim ndiye aliyeunda bunduki ya rashasha ya Maxim miaka ya 1880, ile Waingereza walikuja nayo huku kwetu kutunyang'anya mashamba. Mzee mwenyewe alizeeka masikio yameharibika kwa kelele za bunduki zake. Baba analeta kelele, mtoto anauza kimya. Na kampuni ya huyo mtoto ikaja ikahamia kutengeneza vya kupunguza kelele za injini, kwa hivyo fundi wa Grogan na jasusi wa muvi wanatumia neno moja kwa sababu kazi ni moja.

Kama haizimi mlio, basi inasaidia nini? Dada anayefuatilia, South B

Inasaidia masikio, kwanza kabisa. Desibeli haihesabiwi kama shilingi, ukitoa 30 hujatoa sehemu ndogo ya 160, umetoa nguvu ya sauti hadi ikabaki moja kwa elfu. Madaktari wa masikio hushika 140 kama mpaka, mlio wa ghafla ukipita hapo unaweza kukuumiza hata kwa risasi moja, na karibu kila bunduki ya baruti inapita. Kiwambo kinaweza kukushusha chini ya huo mpaka. Ndiyo maana nchi kama Finland na Norway mwindaji mwenye kiwambo ni kitu cha kawaida kabisa, wanakiona kama vile sisi tunaona helmeti ya nduthi, na majirani wa msitu pia wanalala. Marekani nao walikibana kwa sheria tangu 1934, wakaweka kodi ya dola 200, ambayo wakati huo ilikuwa pesa ya kununua vitu vya maana.

Wanajeshi wanakipenda kwa sababu nyingine. Kikosi kikiwa ndani ya nyumba ndogo kikipiga bila viwambo hakuna anayesikia amri ya mwenzake. Pia kinameza ule moto unaoonekana usiku kwa mdomo wa bunduki.

Na kuna ubaya wake, tusidanganyane. Majangili wa vifaru huko kusini mwa Afrika wameshikwa na bunduki zenye viwambo, kwa sababu askari wa mbuga hutegemea sana kusikia mlio ndio wajue waelekee upande gani. Mlio ukipungua, eneo la kusikika linapungua, na ule unaosikika hauonyeshi umetoka wapi.

Kwa kutumia chenyewe kina usumbufu. Bunduki inakuwa ndefu na nzito mbele. Ukipiga risasi nyingi mfululizo kile chuma kinapata joto la kuunguza mkono, na hewa ya moto inapanda mbele ya darubini hadi shabaha inacheza cheza kama lami ya Mombasa Road saa saba mchana. Risasi inaweza kugonga mahali tofauti kidogo na palipozoeleka kwa hivyo lazima ulenge upya. Kwa bunduki zinazojipakia zenyewe, gesi iliyozuiwa mbele inarudi nyuma, mpigaji anaipata machoni na puani na bunduki inachafuka haraka. Halafu risasi ya kwanza kabisa mara nyingi hulia zaidi kuliko zinazofuata, kwa sababu ndani ya kiwambo kulikuwa na hewa safi yenye oksijeni na mabaki ya baruti yanaungulia humo. Ya pili inakuta oksijeni imeisha.

Kuna usiku nilisikia "ta!" kali sana juu ya paa halafu baada ya kidogo "dum" kwa mbali. Asubuhi watu wa ploti wanasema ni risasi mbili, mzee mmoja anasema ni moja. Inawezekanaje? Mama Donholm

Mama, huyo mzee inaonekana anajua mambo. Inaweza kuwa risasi moja kabisa.

Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ya AK inatoka na mita 700 na kitu, ya G3, ile bunduki ndefu ya kijeshi, inakaribia 800. Kwa hivyo risasi inaiacha sauti ya bunduki yake nyuma, na ikipita hewani kwa kasi hiyo inaburuta wimbi lake yenyewe, kama boti inavyoburuta maji pale feri. Wimbi hilo likikufikia unasikia "ta!" kama mjeledi, na unahisi imetoka pale pale ulipo. Mlio wa mtutu unakuja nyuma yake, mzito, "dum". Kadiri bunduki ilivyo mbali ndivyo pengo kati ya hizo mbili linavyokuwa kubwa.

Sasa rudisha hiyo kwa hadithi ya sailensa. Ukifungia kiwambo bunduki ya kasi kama hiyo unapunguza ile "dum", lakini "ta!" inabaki vile vile kwa sababu kiwambo kiko huku na risasi iko kule. Anayetaka kuondoa zote mbili lazima atumie risasi ya mwendo wa polepole, chini ya mwendo wa sauti, na hapo risasi inapoteza nguvu na inadondoka mapema. Bastola za .45 (huo ni upana wa risasi kwa inchi) zina bahati, risasi yake ni nzito na kwa kawaida haifiki hata mita 300. Waingereza walijua hilo kwenye Vita vya Pili wakaunda karabini, yaani bunduki fupi, ya De Lisle, mtutu wenye kiwambo chake cha kudumu ukitumia risasi hizo za .45, na watu wengi husema ni kati ya bunduki zilizonyamaza zaidi kuwahi kutengenezwa. Wajerumani baadaye na bunduki yao ndogo ya rashasha, MP5SD, wakatumia akili nyingine, mtutu wenyewe una vitundu vya kupunguza gesi ili hata risasi ya kawaida ya milimita 9 itoke ikiwa chini ya kasi ya sauti.

Na kuna kajambo kadogo ninakapenda. Mwendo wa sauti unategemea joto la hewa, urefu wa mahali kutoka baharini hauhusiki vile watu wa Nairobi hupenda kufikiria. Asubuhi ya Julai hapa, nyuzi 12, sauti inaenda kama mita 339. Mombasa mchana nyuzi 32 inaenda 351. Risasi ya mita 345, piga hapa asubuhi ya baridi inapasua hewa, shuka nayo Mombasa inapita kimya.

Nilitumikia serikali miaka 26, nyingi nikiwa na G3, na siku hizo kuweka kitu masikioni ilikuwa ni uoga. Sasa sikio la kushoto linalia ngiiii usiku kucha, la kulia afadhali. Kwa nini moja tu, na je, kuna dawa? Mzee mstaafu, Kasarani

Shikamoo mzee wetu, na asante kwa kazi.

Bila shaka unatumia mkono wa kulia. Ukiweka kitako cha bunduki bega la kulia na kulaza shavu, sikio la kulia linajificha nyuma ya kichwa chako mwenyewe na la kushoto linabaki limeelekea mdomo wa mtutu. Kichwa kinakuwa ukuta. Wapigaji wa mkono wa kulia duniani kote huumia hivyo, na wale wa mashoto ni kinyume.

Kuhusu dawa nitakuambia ukweli. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo zinazopokea sauti, na zikivunjwa na mlio haziwezi kumea tena kwa binadamu. Hakuna kidonge cha kuzirudisha, na yeyote anayekuuzia matone ya kurudisha usikivu wa namna hiyo anakuuzia hewa. Lakini nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo upimwe usikivu, kwanza kwa sababu mlio wa upande mmoja unaweza kusababishwa na kitu kingine na ni lazima uangaliwe, hata kama ni nta tu, na pili kwa sababu kifaa cha kusaidia kusikia mara nyingi hupunguza hata ule mlio, ubongo ukipata sauti za kweli unaacha kusikiliza ile ngiiii. Usiku weka redio sauti ya chini kabisa, kimya kabisa ndicho adui yako. Na vijana wako wakienda kulenga shabaha wavae vikinga masikio hata kama bunduki ina kiwambo. Vyote viwili.

Niko na kuku huku Rongai na kunguru wananimaliza vifaranga. Rafiki anasema nitafute bunduki ya upepo yenye sailensa, majirani hawatasikia, na ati hiyo haihitaji leseni. Mfugaji

Huyo rafiki mwambie aje akulipie wakili. Bunduki ya upepo si toy na usiingize wala kununua yoyote kabla hujauliza Bodi ya Leseni za Silaha, wewe mwenyewe, uso kwa uso. Na kiwambo ndio kabisa, Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio au mwako kama silaha chenyewe. Kupatikana na hicho kibomba peke yake kwa droo ya kitanda ni kesi.

Lakini swali la vile zinafanya kazi ni zuri kwa hivyo tulijibu. Kuna bunduki za upepo za aina mbili kubwa. Ya springi unavunja mtutu, springi inajikaza, ukifyatua pistoni inakimbia mbele na kusukuma hewa. Kelele yake nyingi ni hiyo pistoni ikigonga mwisho na springi ikitetemeka, chuma kwa chuma, ndani ya mwili wa bunduki pale karibu na shavu lako. Kiwambo kwa mdomo hakiwezi kusaidia sana hapo, ni kama kufunga mlango wa mbele na kelele iko jikoni. Aina ya pili ina tangi la hewa iliyojazwa tayari, kama bar 200, na kila ukifyatua valvu inaachia kidogo. Hii inalia "pah!" kweli kweli kwa sababu hewa inafumuka kama ile gesi ya baruti tuliyosema, ila ni baridi na kidogo, kwa hivyo kiwambo kinaimaliza vizuri hadi unasikia tu nyundo ndani ikigonga "tik" na kile kirisasi kikigonga huko mbele "to". Virisasi vyenyewe kwa zile bunduki za nguvu ya kawaida huenda kama mita 180 hadi 240 kwa sekunde, kwa hivyo ile "ta!" haiko. Kama unataka kimya cha muvi, kinachokaribia zaidi ni hiki, na hakina baruti hata chembe.

Wala si kitu kipya. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo ya Girandoni tangu karibu 1780, risasi 20 kwa magazini wakati wenzao wanashindilia baruti moja moja.

Kuhusu kunguru, weka wavu juu ya banda. Vifaranga wasitoke nje ya wavu kabla hawajapata manyoya ya kutosha.

Naweza kutengenezewa hiyo kitu jua kali? Ni kibomba tu. Hakutaja mahali

Hapana, na hatutaeleza. Mbali na jela, ule mstari wa katikati ukipinda kidogo tu risasi inagonga kisahani cha kwanza, na vipande vya chuma vinaenda kila upande, wewe ukiwa upande mmojawapo.

Na rivolva? Nimeona detective kwa TV ameifungia sailensa. Mwanafunzi, Ngara

Rivolva ina pengo dogo kati ya ile silinda inayozunguka na mtutu, na kila ikipigwa gesi inachomoka hapo pembeni, unaweza kuona moto wake usiku. Kwa hivyo ufunge mdomo utakavyo, mlio unatokea shingoni. Iko moja tu maarufu ambayo ni tofauti, Nagant ya Kirusi ya mwaka wa 1895, ukivuta kifyatulio silinda yake inasogea mbele inajibana na mtutu, na ganda la risasi linaziba pengo. Hiyo inakubali kiwambo. Kama detective wako alikuwa ameshika Nagant basi mwandishi wa hiyo stori alifanya homuwaki, kama alikuwa ameshika nyingine yoyote rudi uangalie sini hiyo tena utacheka.